Transylvanian Folk Songs: majonzi ya Romania yasiyo na ngoma wala mwimbaji

Nyimbo za huzuni za Romania nilizianzia kwa Maria Tănase, yule mwimbaji wao mkubwa aliyefariki 1963. Baadaye nikatafuta wanaozipiga kwa mtindo wa leo, na wengi wakanikera mapema. Wanachukua doina, ndio huo wimbo wao wa huzuni, wanaipakia mapigo ya kompyuta, kwisha habari yake. Doina haihesabiwi mapigo. Mwimbaji huvuta silabi apendavyo, hupamba papo kwa papo, na akirudia kesho haimbi vilevile. Ukimwekea ngoma nyuma yake umemfunga kamba mguuni.

Iliyodumu masikioni mwangu ni albamu hii ya 2020. Wapigaji ni watatu tu: Lucian Ban, mzaliwa wa Transylvania, eneo la Romania, anayeishi New York, yuko kwenye piano, Mmarekani Mat Maneri anapiga viola, dada mkubwa wa fidla mwenye sauti nene kidogo, na mzee John Surman wa Uingereza anapuliza saksafoni na klarineti ya besi. Tuni zinatokana na hazina ya Béla Bartók, mtunzi wa Hungaria aliyezunguka vijiji vya Waromania hadi miaka ya Vita vya Kwanza vya Dunia, akiwarekodi wakulima kwa fonografu ya silinda za nta.

Viola ndiyo iliyoniteka. Piano ina sauti zake zilizopangwa, na iliyo kati ya funguo mbili huipati. Waimbaji wa vijijini wanapenda kukaa hapohapo kati! Maneri anateleza humo bila haraka, sauti ina mikwaruzo kama ya mtu aliyelia jana. Aliyezoea fidla za taarabu ya zamani hatashtuka. Ban naye anajua kunyamaza, jambo ambalo wapiga piano wengi wa jazi limewashinda.

Si kila kipande kimenikaa. Zile tuni za kuchezea dansi zinachangamka vizuri, lakini Surman akishaingia kwenye mbwembwe ndefu, wimbo wenyewe naupoteza nabaki na jazi. Na kama unataka maneno ya kuimba nayo, hapa hupati. Nenda kwa Oana Cătălina Chițu, anaziimba za Tănase kwa heshima.

Mwaka 2024 Ban na Maneri walitoa Transylvanian Dance, wawili peke yao. Ni nzuri ila kavu zaidi. Mgeni aanze na hii ya 2020, tena kwa hedifoni. Spika ya simu inaimeza ile besi yote.