Viumbe wa sayari nyingine: padri wa Vatican na Ken Ham

Mwaka 2008 José Gabriel Funes, padri Mjesuiti aliyeongoza kituo cha Vatican cha kuchunguza nyota, aliliambia gazeti la L'Osservatore Romano kwamba kiumbe wa sayari nyingine anaweza kuitwa ndugu, maana uhuru wa Mungu wa kuumba hauwekewi mipaka. (Waislamu nao wana aya ya 29 ya Surat Ash-Shura, inayotaja viumbe alioeneza Mungu mbinguni na ardhini.)

Ken Ham, Mkristo mzaliwa wa Australia anayeishi Marekani na anayefundisha kuwa dunia ina takriban miaka 6,000, hakubali kuwa kuna viumbe wenye akili huko. Hoja yake ya 2014 si ya kuchekwa: dhambi ya Adamu iliathiri ulimwengu wote, lakini wokovu ni wa wana wa Adamu pekee. Basi viumbe hao wangeathirika bila mkombozi.

Funes alikuwa ameshasema katika mahojiano yale ya 2008 kwamba huenda hawakuanguka dhambini, na kama walianguka, rehema ingewafikia kwa namna fulani. Hiyo “namna fulani” inanikera. Hata hivyo, bakteria wa Mirihi wakipatikana kesho, Funes hana cha kurekebisha. Ham naye huenda akawamudu. Ujumbe wa redio kutoka nyota ya mbali ndio ungemnyima usingizi.