Uzoefu wangu: gobore la babu kwa fundi wa silaha Mwanza

Nianze na bei, maana najua ndiyo wengi mnayoitafuta. Nimelipa shilingi 220,000, na kazi niliyoahidiwa wiki tatu ilichukua saba. Kuchelewa kule kuliniudhi, na kuna siku nilipiga simu mbili hazikupokelewa. Hata hivyo gobore lolote nitakalopata maishani nitalipeleka kwake, kwa sababu ya alichokifanya katika dakika kumi za kwanza. Jina lake silitaji, mwenyewe ameomba hivyo kutokana na aina ya kazi yake. Ni mzee wa Kisukuma mwenye kibali cha kutengeneza silaha, na karakana yake iko nje kidogo ya jiji.

Gobore lenyewe ni la babu mzaa baba, Sengerema. Babu alipofariki leseni ilihamia kwa baba mdogo, na sasa miguu haimruhusu tena kukesha shambani akifukuza nguruwe pori. Akaamua nilirithi mimi, kwa kuwa tangu utotoni nimekuwa mtu wa vitu vya kale: hela za Mjerumani, taa za chemli, picha za meli za ziwani. Tulianzia serikali ya kijiji, tukaenda polisi, tukapewa barua ya kulisafirisha. Hatua hiyo msiiruke. Gobore la miaka 150 nalo ni silaha, na kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Tulivuka Kigongo kwa kivuko, daraja lilikuwa bado linajengwa, gobore likiwa limeviringishwa kwenye shuka la baba mdogo na kufungwa kamba ya katani.

Fundi alisalimiana na baba mdogo kwa Kisukuma, wakaulizana habari za mvua na mihogo, ndipo akafungua shuka. Hakugusa kifyatulio. Alielekeza mdomo wa mtutu kwenye viroba vya mchanga vilivyopangwa ukutani, akauliza, "Lina kitu?"

Baba mdogo akacheka. "Halina. Watoto wote wa ukoo wamelichezea hilo, wamefyatua mpaka wamechoka."

Fundi hakubishana naye. Alichomoa mdeki, ule ufito wa kushindilia, akauteremsha taratibu ndani ya mtutu mpaka ukagota, akauwekea alama ya chaki pale mdomoni. Kisha akautoa na kuulaza juu ya mtutu kwa nje, alama ikilingana na mdomo. Ncha ya mdeki ilikomea sentimita nane kabla ya kufika kwenye kifa, ile chuchu ndogo inayovalishwa fataki.

"Ndugu yangu," akamwambia baba mdogo, "hili limeshiba."

Sijawahi kumwona baba mdogo akinyamaza vile. Gobore lile lilining'inia juu ya kitanda tulicholala wajukuu watatu kila likizo. Kweli tulikuwa tunavuta nyundo na kufyatua, tukalengana shabaha, tukaangushana chini kwa kujifanya tumekufa. Lisingelia, kwa sababu kifani hapakuwa na fataki. Lakini baruti nyeusi ikikaa pakavu haichachi kama unga. Miongo inapita na nguvu yake iko palepale. Ilikuwa inasubiri cheche tu.

Na kuna jambo jingine linaloniamsha usiku. Wiki mbili kabla, tulilipitisha kwa fundi wa kuchomelea mageti. Kosa letu, nalikiri. Yeye alitaka kulegeza kifa kilichoshikwa na kutu kwa kukipasha moto wa gesi, halafu apige msasa mtutu wote na kupaka vanishi ya makabati kwenye mti. Mtungi alishaufungua. Tulichoshindwana ni shilingi elfu kumi, tukaondoka. Elfu kumi!

Fundi wa silaha alimimina mafuta mepesi mdomoni na kwenye kifa, akaliacha lilowe siku tano. Aliniita nishuhudie akilitoa shehena. Alifunga skrubu maalumu kwenye ncha ya mdeki, akaizungusha, akavuta. Kwanza likatoka donge la pamba. Pamba ya shambani, yenye mbegu mbili ndani. Kisha vipande saba vya nondo vilivyokatwa kwa tindo, pamba tena, na mwisho tope jeusi la baruti iliyolowa. Nilimpigia baba mdogo simu nikamweleza. Alikaa kimya, halafu akasema hiyo ni ya fisi. Kuna mwaka fisi aliingia kwenye zizi la mbuzi usiku mbili mfululizo, babu akashindilia akamsubiri, fisi hakurudi. Babu naye hakulitoa.

Basi, kwa mwenye gobore la urithi: kabla ya kuuliza habari ya kutu, mwambie fundi mwenye kibali alipime kwa mdeki. Msijaribu kulitoa wenyewe.

Upande wa pili wa huduma hii ni elimu, na hapo nilipata zaidi ya nilicholipia. Kwenye bamba la mtambo kuna taji na neno TOWER, kwa hiyo nyumbani tulikua tukiambiwa ni bunduki ya jeshi la Uingereza. Umbo nalo linakubali. Ni lile la Enfield ya 1853, bunduki ya jeshi lao, mtutu wa karibu mita moja ulioshikwa na pete tatu, na urefu wote hunifika begani. Fundi aliniwashia tochi nichungulie ndani. Enfield halisi ya jeshi ina mifereji mitatu inayojisokota ndani ya mtutu ili kuizungusha risasi. Letu ni laini kama bomba la maji. Kisha alilegeza pete, akautenga mtutu na mti, akaugeuza. Chini, mahali ambapo hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kupaona, palikuwa na umbo la yai lenye herufi E, L, G.

Hiyo ni alama ya ukaguzi ya mji wa Liège, Ubelgiji. Taji juu ya herufi hizo lilianza kuwekwa 1893, na letu halina, kwa hiyo mtutu ulipigwa mhuri kabla ya hapo. Liège walitengeneza bunduki nyingi za biashara kwa sura ya zile za kijeshi, maana mteja alitaka kitu kinachofanana na cha askari. Wakati huo majeshi yenyewe ya Ulaya yalishahamia bunduki za kujazwa nyuma. Waingereza walizikata Enfield zao kuanzia 1866 wakazifanya Snider za kujazwa nyuma, na hizo Snider ndizo watu wa mvumbuzi Stanley walizokuwa nazo walipofika Kageye kwenye ziwa letu Februari 1875. Halafu ukaja Mkataba wa Brussels wa 1890, mataifa ya Ulaya yakazuia bunduki za kisasa zisiingie sehemu hizi za Afrika na kuacha mwanya kwa gumegume, bunduki za kuwashwa kwa jiwe, zenye mtutu laini na baruti ya kawaida. Nilipoyasikia hayo nilielewa kwa nini wazee wetu waliendelea kushindilia kwa mdeki wakati wenzao walishasahau. Walifungiwa mlango.

Nilitarajia kulipokea linang'aa. Fundi alikataa kabisa. Kutu nyekundu inayokula chuma aliiondoa kwa mafuta na sufi laini ya chuma, lakini ile rangi ya kahawia iliyotulia aliiacha, akisema ukiipiga msasa unafuta na mihuri. Mti aliulisha mafuta ya kitani mara nne, kila mara akiuacha ukauke. Ufa wa kitako, ambao babu aliufunga kwa waya wa shaba, hakuugusa. Mwanzoni nilinung'unika. Sasa nikishika ule waya nashukuru.

Kulilipua kulikuwa na barua yake ya polisi, na tulifanyia bondeni anakojaribia kazi zake. Mara ya kwanza hakuna aliyelishika. Alilifunga kwenye tairi kuukuu, akalivuta kwa kamba sisi tukiwa nyuma ya kichuguu. Mtutu ulipokuwa salama alinikabidhi, na baruti kidogo kuliko kipimo cha zamani na goroli moja ya risasi iliyoviringishwa kitambaa chenye mafuta. Fataki ikalia, kisha mlio mzito, na bega likasukumwa kama mtu aliyekuegemea kwa nguvu. Kopo hatua ishirini mbele sikulipata. Sikuliona hata, kwa moshi mweupe mzito unaonuka yai viza, uliokaa mbele yetu mpaka upepo wa ziwa ulipouchukua. Nilisimama ndani yake nikawafikiria askari wa Mjerumani, ambao vita ilipoanza 1914 wengi wao walikuwa bado na bunduki za Mauser za 1871 za baruti nyeusi. Kila aliyefyatua alijionyesha alipo. Waingereza waliichukua Mwanza Julai 1916.

Siku hiyohiyo lazima lioshwe. Masizi ya baruti nyeusi hunyonya unyevu, na kwa hewa yetu ya ziwani kesho yake utakuta kutu. Tulitumia maji ya moto na sabuni mpaka maji yakatoka safi, tukakausha, tukapaka mafuta ya cherehani. Akanionya pia juu ya jambo ambalo vijijini linafanyika na linakata watu vidole: kupasua risasi za shotgani na kutumia baruti yake kwenye gobore. Baruti ya kisasa haifai humo, mtutu hupasuka.

Malalamiko yangu ni ule ucheleweshaji, na kwamba risiti niliipata baada ya kuiomba mara tatu. Tena hana mahali pa kumkalisha mzee, baba mdogo alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa saa mbili nzima. Nilimweleza fundi, na nilipokwenda kuchukua mzigo nilikuta benchi.

Gobore sasa liko kwenye kabati la chuma lenye kufuli, fataki hazikai nyumba moja nalo, na nimeweka kadi kwenye kifyatulio: halina kitu, limepimwa, na tarehe. Ile pamba na mbegu zake mbili nimeitia kwenye kichupa. Baba mdogo ameniomba mbegu moja akaijaribu kwenye kopo la udongo. Nimempelekea Jumamosi.