Sheria za mali katika Dungeons & Dragons 3.5: jedwali zuri, mwanya mkubwa

Dungeons & Dragons ni mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika. Ndani ya Dungeon Master's Guide (kitabu cha anayeuendesha mchezo) ya toleo la 3.5, iliyotolewa na Wizards of the Coast mwaka 2003, kuna jedwali dogo linalosema mhusika wa kila ngazi (daraja la uwezo wake) awe na mali kiasi gani. Ngazi ya 5 ni sarafu za dhahabu 9,000, ya 10 ni 49,000, ya 15 ni 200,000 na ya 20 ni 760,000. Wengi hulisoma kama makisio ya utajiri, na hapo ndipo kampeni (hadithi zinazochezwa kwa vikao vingi) zinapoharibika, kwa sababu namba hizo zinapima nguvu.

Mchukue mpiganaji wa ngazi ya 10. Upanga wa uchawi bei yake ni nyongeza (ile namba ya +1, +2 au +3 inayoongezwa kwenye kete) mara nyongeza, kisha mara 2,000, kwa hiyo wa +3 ni 18,000. Joho la kinga la +3 ni 9,000. Uchawi wa +2 juu ya deraya ni 4,000, glovu za nguvu za +2 ni 4,000 nyingine, pete ya ulinzi na hirizi ya ngozi ngumu, zote za +1, ni 2,000 kila moja. Hapo zimekwenda 39,000, na bado hajanunua dawa wala njia ya kuruka. Majini na majoka ya ngazi hiyo yametungwa yakimtarajia awe na vitu hivyo. Mchezaji anayeamua kujenga nyumba au kununua jahazi anakuwa amejikata mkono. Kwa hiyo weka mifuko miwili: wa vifaa vya vita, unaofuata jedwali, na wa ardhi, majengo na heshima, usiobadilishwa kuwa upanga.

Mwanya wenyewe uko kwa wachawi. Mchawi wa ngazi ya 11 anaweza kuita ukuta wa chuma kwa vumbi la dhahabu la thamani ya 50 tu. Anapata miraba 11 ya futi 5 kwa 5, unene inchi 2, na chuma hicho hakitoweki. Ni ratili zaidi ya 22,000. Orodha ya bei inasema ratili moja ya chuma ni sarafu moja ya fedha, kumi zikiwa dhahabu moja, basi ukuta mmoja ni kama dhahabu 2,200. Akiita mmoja kwa siku, mwezi ukiisha ameingiza karibu 66,000, ambayo ndiyo mali yote ya ngazi yake kwenye jedwali!

Dawa imo kitabuni humo humo, na inasikitisha kwamba wachache huifikia. Kila makazi yana kikomo cha bei: kijiji 200, mji mdogo 800, jiji kubwa 40,000. Kitu cha bei inayozidi kikomo hakipatikani hapo. Pesa taslimu za mahali ni nusu ya kikomo mara sehemu ya kumi ya watu. Kijiji cha watu 600 basi kina 100 mara 60, yaani dhahabu 6,000 tu. Ukuta wa tatu utauza kwa nani? Andika namba hizo mbili kwa kila mji kabla kundi halijafika; ukizibuni papo hapo wachezaji wataona umewabania.

Utengenezaji wa vifaa umepimwa vibaya zaidi. Mtengenezaji hulipa nusu ya bei pamoja na pointi za uzoefu (zile zinazompandisha mhusika ngazi), 1 kwa kila dhahabu 25 za bei kamili. Kifaa cha 16,000 humgharimu 8,000 na pointi 640. Inaonekana ni adhabu, lakini toleo hili humpa aliyebaki nyuma kwa ngazi pointi nyingi zaidi katika pambano lile lile, kwa hiyo deni hujilipa. Hesabu vifaa vyake kwa bei kamili unapolinganisha na jedwali.

Pathfinder ya Paizo, mchezo uliotokana na 3.5, mwaka 2009 ilipiga marufuku kuuza chuma cha ukuta huo lakini ikafuta gharama ya pointi, hivyo watengenezaji wakazidi kunona. Kwa meza isiyotaka hesabu kabisa, Pathfinder Unchained ya 2015, kitabu cha kanuni mbadala za mchezo huo, ni bora: nyongeza huja na ngazi (kinga +1 ngazi ya 3, silaha na deraya +1 ngazi ya 4) na hazina hupunguzwa nusu. Kwa wanaobaki na 3.5, jedwali bado ni zuri, mradi ukurasa wa vikomo vya miji uwe wazi pembeni yake.