Kucheza Muziki wa Simu kwenye Redio ya Zamani ya Gari: Kipi Ununue, Kipi Uache

Kabla hujatoa hela, inama uikague redio yenyewe. Ina FM, au AM peke yake? Ina tundu la kaseti? Gari ni la volti 6 au 12? Na upande gani wa betri umefungwa kwenye bodi, yaani bati la gari? Magari mengi ya Uingereza ya miaka ya 1950 na 1960 yalifungwa chanya kwenye bodi, na chaja za leo zimetengenezwa zikitegemea hasi. Muuzaji asiyekuuliza hata moja kati ya haya, mwachie kifaa chake.

Chaguo langu la kwanza ni fundi redio aingize waya ndani. Ndani ya redio, sauti ikishachujwa kutoka kwenye mawimbi hupita kwenye kitufe cha volyumu. Hapo ndipo fundi anapochomelea waya wa simu, akiweka kapasita ya kuzuia umeme wa DC na swichi ndogo ya kukata stesheni. Redio hizi nyingi ni za mono, yaani za chaneli moja tu ya sauti, kwa hiyo chaneli ya kushoto na ya kulia zichanganywe kupitia rezista. Zikiunganishwa moja kwa moja, kila chaneli inamsukuma mwenzake na simu ndiyo inayoumia. Waya unatokea nyuma ya dashibodi, mbele hakuna tundu jipya, na kinachokuimbia bado ni amplifaya na spika ile ile ya zamani. Mwambie fundi asiijaribu redio mezani bila spika, maana nyingi za vali (zile taa za kioo za ndani ya redio) na za transista za mwanzo zinaweza kuungua hivyo. Kama chanya ndiyo iko kwenye bodi, fungeni kipokezi cha Bluetooth chenye kigeuza umeme kilichotenganishwa na bodi, ili simu isiguse waya wowote wa gari.

Redio yako ikiwa na kaseti, umepata nafuu: adapta ya kaseti inashika nafasi ya pili, na kwa unafuu wa bei ni ya kwanza. Ndani ya ganda lake mna kichwa cha sumaku kinachogusana na kichwa cha kusomea cha redio, basi. Safisha kwanza kichwa hicho kwa pamba na spiriti. Angalia pia waya wake unatokea upande gani, usije ukabanwa na mlango wa kaseti. Deki zinazojigeuza zenyewe husumbua: adapta mbovu ikikwama gia, deki inadhani mkanda umeisha, inageuza, inageuza tena, mpaka unaizima kwa hasira.

Ya tatu ni moduleta ya FM ya waya, kifaa kinachogeuza sauti ya simu kuwa mawimbi ya FM, nayo inakaa kati ya antena na redio. Unapoiwasha inaikata antena, hivyo stesheni za nje haziingilii. Kwa redio za AM tupu zipo moduleta za AM, ila sauti yake ni nyembamba. Kwa mazungumzo inatosha, kwa besi usitegemee mengi.

Transmita ndogo ya FM ya kuchomeka kwenye soketi ya kiberiti, inayorusha sauti ya simu hewani hadi kwenye redio, naiweka mkiani, ingawa ndiyo inayouzwa kuliko zote. Nguvu yake imebanwa na sheria katika nchi nyingi, antena iko nje ya bati la gari, na katikati ya 87.5 hadi 108 MHz mara nyingi pamejaa stesheni. Ukisogea kilomita chache, mtangazaji anaingia katikati ya wimbo. Kwenye redio ya AM pekee haina kazi kabisa.

Kuna pia wanaotoa matumbo yote ya redio na kupachika saketi mpya yenye FM, Bluetooth na stereo. Sauti ni nzuri sana. Redio ikiwa imekufa, sina ubishi. Ikiwa nzima, ni kuichinja. Ukiamua hivyo, dai vipuri vya zamani urudishiwe vyote kwenye boksi, mnunuzi wa kesho atavitafuta.

Baada ya kufunga waya unaweza kusikia mluzi unaopanda na kushuka na mwendo wa injini. Chomoa simu kwenye chaja ya gari. Mluzi ukipotea, nunua kitenganishi chenye transfoma ukipachike kwenye waya wa sauti. Ukibaki, fundi aanze na alternata na sehemu redio inapofungwa kwenye bodi.