Uzoefu wangu: duka la riwaya za upelelezi, Mwanga, Kigoma

Marehemu baba aliniachia kitabu kisicho na mwisho. Ni *Tutarudi na Roho Zetu?* cha Ben Mtobwa, na kurasa za nyuma zilikwisha kung'oka kabla sijajua kusoma. Nimekirudia mara nyingi, na kila mara mpelelezi wake, Joram Kiango, ananiacha njiani. Maduka niliyoulizia hapa mjini yana vitabu vya shule, madaftari na kalamu, basi.

Jirani ndiye aliyenielekeza kwa mzee mmoja wa Mwanga. Chumba kimoja, rafu za mbao mpaka darini, na humo ni riwaya za upelelezi peke yake.

Mzee huyu anasoma anachouza. Hakuniuliza nina shilingi ngapi, aliniuliza nimeishia wapi. Nikamsimulia tukio la mwisho ninalolijua. Akatabasamu: "Mwanangu, hapo ndipo panaponoga. Sikuambii." Nakala hakuwa nayo; akaandika namba yangu kwenye daftari. Baada ya wiki tatu akanipigia, kitabu kimeshuka na basi. Nililipa 12,000. Kwa kitabu kilichotumika wengine wataona ni ghali, lakini alikihesabu ukurasa kwa ukurasa mbele yangu mpaka wa mwisho, kisha akakivisha jalada la plastiki. Usiku ule sikulala.

Tangu hapo ananipangia cha kusoma. Alinirudisha kwanza kwa Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, *Mzimu wa Watu wa Kale* cha mwaka 1960, halafu *Simu ya Kifo* cha Faraj Katalambulla, ndipo akanipa Willy Gamba wa Elvis Musiba. Ule mpangilio una maana. Bwana Msa anavuta kiko na kuwaza, Gamba anapigana. Ukivisoma kwa mfuatano huo unaona jinsi mpelelezi wa Kiswahili alivyobadilika, jambo ambalo shuleni sikufundishwa.

Mtobwa ndiye mzee anayemsifu kuliko wote, kwa kuwa ni mzaliwa wa mkoa wetu na hakuishia kuandika: alikuwa pia mchapishaji, kwa jina la Heko. Mzee amefuata njia hiyo hiyo, anauza na kuchapisha. Nilipomuuliza kama aina moja ya vitabu inaweza kumlisha mtu, alinitajia Otto Penzler wa New York, aliyeanzisha kampuni ya uchapishaji ya Mysterious Press mwaka 1975, kisha akafungua duka la riwaya za aina hii tu, Ijumaa ya tarehe 13 Aprili 1979, siku ambayo kwao huhesabiwa ya nuksi. Duka hilo lingalipo.

Sasa kasoro, maana zipo. Kitabu cha kijana wa hapa alichokichapisha mzee mwenyewe, nakala yangu ilikuwa na ukurasa wa 33 hadi 48 mara mbili, na wa 49 hadi 64 haumo kabisa. Kwenye riwaya ya mapenzi ungeweza kukisia kilichopita. Kwenye upelelezi umepoteza ushahidi wote. Alinibadilishia bila ubishi, ila nilisubiri siku kumi na nne, na hata hiyo ya pili gundi yake ni dhaifu. Herufi nazo ni ndogo mno kwa anayesomea mwanga wa taa. Nilimwambia yote haya, akayaandika kwenye lile daftari.

Vivuli vya mashine hauzi. Nilimwomba anitolee kivuli cha kitabu adimu, akakataa katakata: mwandishi hapati kitu hapo. Niliondoka nimenuna, lakini namheshimu kwa hilo.

Hufungua saa tatu asubuhi. Ijumaa hufunga mchana kwa ajili ya sala. Malipo ya simu anapokea. Ukifika usimwambie unataka kitabu kizuri. Mtajie ulichosoma mara ya mwisho na pale kilipokukera, kisha kaa kwenye benchi umsubiri apande ngazi.