Bebi woka yangu na yule bwana wa shangingi pale Chalinze

Kwa mjini sitaki mtu aniambie kitu. Hiki kigari changu, mnachokiita bebi woka, Kariakoo kinapaki pale ambapo wenye magari ya juu wanazunguka mpaka wanakata tamaa. Nikiweka mafuta ya elfu thelathini nasahau hata kuangalia geji. Spea zimejaa Gerezani, na fundi yeyote wa chini ya mwembe anakijua kuliko mimi mwenye kadi. Tunagombana kwenye matuta tu, maana mtaani kwetu kila mwenye nyumba kajijengea tuta lake na sampo inakwaruza. Fundi alinishauri tuweke spesa tukinyanyue. Nikamwambia aache kama kilivyo, maana gari la chini ukilipandisha kwa nguvu linaanza kuyumba kwenye kona, na mimi nina watoto.

Mngeniuliza mapema mwaka huu kama bebi woka inafaa kununua, ningewaambia nunueni, mjadala umefungwa. Halafu nikampeleka mama mkwe Morogoro.

Kimara hadi Kibaha ni njia nane, unatelezea tu. Ukishapita Maili Moja ndipo unaijua Barabara ya Morogoro ni nini: wa kwenda mmoja, wa kurudi mmoja, katikati malori ya Tunduma na ya Kongo yamepangana. Semi lililojaa linaruhusiwa kufika tani 56. Changu ni kama tani moja, na hapo umemhesabu mama mkwe na sinia lake la mayai ya kienyeji alilokataa katakata kuliweka kwenye buti.

Tumeshaipita Mlandizi, geji inasoma 80, mbele naona semi linakuja upande wake kwa heshima zake. Kwenye kioo ikatokea shangingi nyeusi, yale magari makubwa ya juu, imewasha taa fulu mchana kweupe. Nikajua huyu atasubiri semi lipite. Wapi! Akatoka, akawa ubavuni kwangu, semi nalo limefika, basi akanilalia mimi. Hakupiga hata indiketa. Tairi za kushoto zikashuka kwenye vumbi, na pale lami imekatika kama ngazi, usukani ukanitoka nguvu mikononi. Upepo wa lile semi ulipopita kigari kilisogea, nilikisikia kikisogea. Mama mkwe alikuwa ameanza Salaamu Maria. Nilipofanikiwa kusimama, ute wa mayai ulikuwa unachuruzika kwenye mkanda wake, umeingia mpaka kwenye kitundu cha kufungia. Ule mkanda hadi leo ukiuvuta unakwama, na siku za jua gari linanuka.

Hayo ningesamehe, barabara ina mambo. Lakini tulimkuta Chalinze. Amepaki sheli kwa kukingama, kachukua nafasi ya magari mawili, anakula mishikaki huku kaegemea mlango. Nikamfuata. Nikamwambia, "Kaka, umeniona kweli kule nyuma?" Akaangalia kigari, akaniangalia mimi, akaendelea kutafuna. Kisha: "Dada, hako ka kwendea saluni. Barabara kuu mtatufia bure."

Mtatufia! Kama vile nikifa namsumbua yeye.

Nimetafuta jibu, mama mkwe naye akawa ameshuka kujisafisha. Bwana yule akabadilika sura, "Shikamoo mama," kwa adabu zote. "Marahaba mwanangu, hujambo?" Wakaanza kuulizana habari za Moro! Tumerudi garini, kafunga mlango, ananiambia polepole, "Lakini mwanangu, yule kijana kasema kweli." Kutoka Chalinze hadi Mikese sikufungua mdomo.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba kasema kweli. Shemeji yangu anafundisha fizikia, akanichorea jioni ile juu ya bahasha. Gari la tani moja na la tani mbili na nusu wakikutana uso kwa uso, kila mmoja yuko 80: yule mkubwa mwendo wake unabadilika kama kilomita 46 kwa saa, wako unabadilika 114, kwa sababu wewe hausimami, unarudishwa ulikotoka. Shingo yako ndiyo inayolipa ile tofauti. Na si hesabu za bahasha tu. Mwaka 2009 IIHS, taasisi ya Marekani inayopima usalama wa magari, iligonganisha Yaris, ambayo sisi tunaijua kama Vitz, na Camry iliyo kubwa zaidi, mtu na ndugu yake kutoka kiwanda kimoja, kila moja ikiwa kwenye kilomita 64 kwa saa. Yaris hiyohiyo kwenye jaribio la kugonga ukuta ilikuwa imepata alama nzuri. Kwa Camry ilipewa alama ya chini kabisa, mlango ukang'oka karibu wote. Kwa hiyo mtu akikuuzia kigari kwa maneno ya "kina eabegi, kina nyota za usalama", muulize nyota hizo kazipata kwa kumgonga nani.

Basi niseme msinunue? Hapana, ngoja. Mbele ya semi la tani 56 shangingi nayo ni bebi woka, iweje atambe? Tena hilo limwili lake halimlindi kila mtu. Boneti iko kifuani kwa mtu mzima. Mtoto mdogo akisimama karibu na bampa dereva hamwoni. Likipasuka tairi kwenye mwendo, lile ndilo linalobiringika upesi. Sisi wa chini tunaserereka. Kigari changu hakijawahi kumbana mtu barabarani, kingembana nani? Hatari yote ya kigari changu inaendeshwa na watu kama yule, halafu ndio hao wanaoniambia nikae saluni.

Kwa hiyo ninunue kubwa ili na mimi niwashe fulu? Ndiyo ushauri wanaonipa kila ninapohadithia, na kila anayenunua kubwa kwa kuogopa anamwacha mwenye dogo na hali mbaya zaidi.

Moro siku hizi naenda kwa treni ya umeme. Ilipoanza Juni 2024 nauli ya kawaida ilikuwa shilingi 13,000, na hakuna wa kuniwashia taa nyuma. Mjini bado naendesha changu na bado nakisifia, isipokuwa usiku, na isipokuwa mvua ikinyesha, na Mandela Road yenye malori ya bandarini siipiti kabisa. Mume wangu ameshaanza kuulizia bei za magari ya juu kwa siri, nimeziona picha kwenye simu yake. Nimemwambia anunue tu, ila mafuta ataweka yeye, na mama yake atamfuata yeye.