TAHADHARI: Muuzaji anayekuonyesha "SPF imepita" bado hajakuonyesha kitu

Kuna wauzaji wa programu za kutuma barua pepe kwa niaba yako (ankara, vikumbusho, matangazo) ambao ushahidi wao wote ni picha yenye alama ya kijani: "SPF imepita". SPF ni orodha, kwenye rekodi za domeini (jina la mtandaoni, kama mfano.com), ya seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina hilo. Usilipe kwa picha hiyo. Mara nyingi si ya uongo, ila inahusu domeini yao, si yako.

SPF haigusi anwani anayoiona mpokeaji kwenye From. Inakagua domeini ya Return-Path, yaani pale barua iliyoshindikana inaporudishwa, na programu nyingi huweka hapo domeini yao wenyewe. Kwa hiyo SPF inapita hata kama hujabadilisha rekodi yako hata moja ya DNS (mahali zinapotunzwa rekodi za domeini). Anayeuliza kama domeini iliyopita ndiyo ile ya From ni DMARC, rekodi yenye sera yako kwa mpokeaji: afanye nini na barua isiyolingana. SPF ikipita kwa jina la muuzaji, na saini ya DKIM (saini ya kidijitali ndani ya barua, ambayo d= yake hutaja domeini iliyotia saini) ikawa na d= ya muuzaji, DMARC inafeli hata kama hizo mbili zimepita. Ukiwa na p=reject (sera ya DMARC ya kukataa), barua inaishia mlangoni.

Ukilalamika, ndipo unapoletewa "dawa". Dawa ya kwanza ni kumalizia SPF yako kwa +all. Hiyo ni ruhusa kwa kila seva duniani kutuma kwa jina lako. Anayekushauri hivyo ama hajui kazi au hajali. Ya pili ni kushusha sera ya DMARC iwe p=none, yaani barua isizuiwe. Kwa majuma machache, huku ukisoma ripoti za rua (taarifa za DMARC kutoka kwa wapokeaji), si vibaya. Kuiacha hivyo daima ili muuzaji asihangaike, hapana.

Dawa ya tatu ina sura ya kitaalamu zaidi: "bandika include yetu", yaani kipande cha SPF kinachoruhusu seva za muuzaji. Wengi huibandika kama rekodi ya pili ya SPF, na domeini yenye rekodi mbili za SPF hupata permerror (kosa la kudumu, SPF haikaguliki), hata barua zako za kawaida zinaathirika. Ukiiunganisha ndani ya ile ya zamani, kumbuka kikomo cha maulizo 10 ya DNS, na include zilizojificha ndani ya include nazo zinahesabiwa. Ukivuka, ni permerror ileile. Zaidi ya hayo, kama Return-Path ni yao, include hiyo haikusaidii chochote. Inachofanya ni kuziruhusu seva wanazotumia wateja wao wote, na muuzaji asiyehakiki nani anamiliki domeini gani atamwachia mteja mwingine atume kama wewe.

Muuzaji anayejua kazi atakupa rekodi za DKIM za kuweka chini ya _domainkey (mahali pa funguo za DKIM) ya domeini yako, kwa ufunguo wa biti 2048, pamoja na CNAME (rekodi inayoelekeza jina moja kwenye jingine) ya domeini ndogo kwa ajili ya Return-Path. Mpe domeini ndogo, mfano taarifa.mfano.com, ili sifa ya barua zake ikichafuka isiiburute sana ile kuu. Akisema DMARC ni ya mabenki tu, amepitwa: tangu Februari 2024 Gmail inaidai kwa kila anayetuma barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenye akaunti zake.

Kabla ya kulipa, mwambie atume barua moja ya majaribio. Fungua chanzo chake kamili, tafuta Authentication-Results (mstari wa matokeo ya ukaguzi): lazima iandike dmarc=pass. Kisha soma DKIM-Signature; d= iwe domeini yako. Ni kazi ya dakika mbili.

Wengine hukwepa haya yote kwa kutuma kupitia sanduku lako lenyewe. Hapo ukaguzi unapita bila shida, lakini tazama ruhusa wanayoomba: ya kutuma pekee inatosha, ya kusoma na kufuta barua zote haina sababu. Nywila ya sanduku au ya akaunti ya DNS usimpe mtu. Rekodi unaziweka mwenyewe.

Ukiachana na muuzaji, ondoa include, CNAME na ruhusa zake siku hiyohiyo. CNAME ya DKIM iliyosahaulika inaendelea kuelekeza kwenye domeini yake. Domeini hiyo ikiisha muda na mtu mwingine akainunua, ataweka ufunguo wake pale na kutia saini halali kwa jina lako.